Giza Mnaloliimba Liwe la Kwenu

Wanangu,

Habari zenu zimenifikia kabla yenu. Nimeambiwa kuna vijana wa huku kwetu, wengine wa upande wa Litein, wengine wa Silibwet, wanaopiga gitaa za umeme, wanavaa nguo nyeusi na kuimba mambo ya kifo, upweke na usiku, na kwamba sasa wameamua kurekodi albamu ya kwanza. Aliyeniletea habari hizo alitaka niwaite niwakemee. Nimekataa. Nimeona heri niandike, ili asome pia kila kijana wa Kericho na Bomet mwenye gitaa ukutani na daftari la mashairi chini ya godoro, maana najua hampungui.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimefundisha kwaya, nimepiga gitaa harusini, na nimezeeka nikisikiliza muziki wa kila namna. Huo wenu haukunilea, lakini nimeletewa nyimbo mlizorekodi kwa simu, nikazisikiliza mpaka mwisho, nyingine nikazirudia. Mnajua kupiga. Yule binti anayeimba ana sauti ambayo haihitaji kupiga kelele ili mtu anyamaze. Neno langu kwenu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: giza mnaloliimba liwe la kwenu.

Nasema hivyo kwa sababu katika nyimbo zenu nimesikia theluji. Nimesikia kunguru juu ya makaburi ya marumaru, nimesikia majani makavu yakipukutika kabla ya majira ya baridi. Theluji hamjaiona. Huku kwetu majani hayapukutiki. Chai ni kijani Januari hadi Desemba, na mtu anaweza kufa kwa huzuni katikati ya kijani hicho hicho. Tuna ukungu wa alfajiri ambao ukishuka huoni mche ulio hatua tatu mbele yako, unasikia tu watu wakikohoa na vikapu vikigusana. Tuna mvua ya mawe inayoweza kuvuruga shamba kwa dakika chache. Haya hayajaimbwa kwa gitaa la umeme. Yanawangoja nyinyi.

Msinielewe vibaya. Siwaambii mwache muziki wa kigeni. Wako watakaowaambia kwamba mtoto wa Kipsigis hana haki ya kupiga roki, na hao wajibuni kwa heshima kwa habari ya Kapkatet. Mwaka 1950, Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet na mitambo yake. Kabla yake gramafoni ilikuwa imeshafika, na kati ya santuri zilizosikika zilikuwemo za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi ya reli, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Jina lake lilipopita vinywani mwa watu wetu likawa Chemirocha. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Ya tatu aliiongoza Chemutoi Ketienya, na wasichana wenzake wakamwitikia, na nyuma yao kulisikika chepkong, kinanda chetu cha nyuzi. Kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, Chemirocha wa wasichana hao alikuwa nusu mtu nusu mnyama, ana miguu ya swala, nao wanamhimiza aruke ngoma yetu kwa nguvu mpaka nguo zimtoke mwilini.

Hebu kaeni na jambo hilo kidogo. Wasichana wa Kapkatet walisikia sauti ya mgeni ikitoka ndani ya kisanduku. Hawakumwiga. Hawakuimba habari za treni za Marekani, wala hawakujitia kulia kama yeye. Walimchukua huyo mtu asiyeonekana, wakamvisha miguu ya mnyama wanayemjua, wakamleta uwanjani kwao acheze ngoma yao. Wimbo huo ukiusikiliza leo utaona una utamu wake na una kitu kinachotisha kidogo, vyote kwa pamoja. Kama mnataka kujua nani alitangulia kuimba muziki wa giza wenye ladha tamu kwenye vilima hivi, basi ni wasichana wale. Na watu wa mabara mengine wanaisikiliza rekodi hiyo hadi leo, kwa sababu hakuna kijiji kingine duniani ambacho kingeweza kuutoa wimbo ule.

Kwa hiyo chukueni gitaa zenu zilizopindishwa sauti, chukueni na midundo mliyoisikia kwenye mtandao. Halafu mlete yote Kapkatet.

Mtaniuliza, giza la kwetu ni lipi? Wanangu, mmezaliwa juu yake. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali penye joto na malaria, ili wasiwe karibu na watu waliowasikiliza. Ardhi nyingi ambayo leo ni mashamba makubwa ya chai ilikuwa na wenyewe kabla ya makampuni kuja. Wazee waliohamishwa na wajukuu zao bado wanadai; mwaka 2022 walipeleka malalamiko yao hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Februari 2023, filamu ya BBC ilionyesha jinsi wanawake kwenye mashamba ya chai ya Kericho walivyolazimishwa kulala na wasimamizi ili wapate kazi au waendelee kuwa nayo. Zaidi ya wanawake 70 walizungumza na waandishi wale. Mei mwaka huo huo watu wenye hasira walichoma moto mashine za kuchuma chai, kwa kuwa mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ina watoto wa kulisha. Juni 30 lori liliparamia watu na magari kwenye njia panda ya Londiani, wakafa zaidi ya watu 50. Oktoba 2018 basi lilikuwa limeua idadi kama hiyo hapo Fort Ternan.

Nimeyataja haya yote na bado sijafika kwenye nyumba zenu. Baba aliyenyamaza tangu alipoachishwa kazi. Dada aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani na simu yake haiingii. Kijana aliyesoma hadi chuo kikuu, sasa anakaa kituoni na bodaboda ya kukodi, na kila asubuhi mama anamwuliza kama kuna habari za kazi. Wimbo kuhusu swali hilo la mama utamfikia msikilizaji wa Oslo na wa Osaka upesi kuliko nyimbo 20 za kunguru.

Hata hivyo nawawekea mpaka mmoja. Msichume machozi ya watu ili mpate jina. Mkitaka kuimba juu ya Londiani, tafuteni aliyefiwa, kaeni naye, mwambieni mnachotaka kufanya, na akisema hapana, iwe hapana. Mkitaka kuimba juu ya mwanamke wa shambani, msimfanye picha ya kutisha kwenye jalada. Mwimbeni kama mtu mwenye jina lake, anayecheka pia, anayepika, anayemiliki kuku. Huzuni isiyomwona mtu mzima ni urembo tu.

Kuhusu lugha, imbeni ile mnayoiota usiku. Kama ni Kipsigis, vema. Marehemu Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et waliimba kwa Kipsigis, na nyimbo zao bado zinapigwa redioni na harusini. Kama ni Kiswahili, vema vilevile. Kama ni Kiingereza, sitagombana nanyi, mradi mkiwa na uchungu ndivyo mnavyosema kweli. Ninachokichukia ni lafudhi ya kuazima. Yule binti anapoimba Kiingereza anageuza mdomo kama mtu wa California. Mwambieni auache mdomo wake ulivyoumbwa.

Nataka niwape mfano wa mbali, kwa sababu unawahusu nyinyi watoto wa viwandani kuliko mnavyodhani. Bendi ya Black Sabbath ilitoka Aston, mtaa wa watu wa kazi jijini Birmingham, Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na siku yake ya mwisho kabla ya kuacha kazi ili aende zake na muziki, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubonyeza nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, na akatafuta nyuzi nyembamba ambazo zisingemwumiza. Baadaye akazilegeza nyuzi hizo, na mlio mzito unaowasisimua nyinyi leo umetoka humo, kwenye mkono uliojeruhiwa kazini. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu, Oktoba 1969, ikatoka Februari 1970. Na inaanza na nini? Inaanza na mvua, radi na kengele. Wao mvua hiyo waliiongeza studio. Yenu inakuja yenyewe mchana.

Na hapo tufike kwenye kazi yenyewe, maana nasaha isiyogusa mikono haisaidii.

Siku ile moja ya Black Sabbath isiwadanganye. Waliweza kwa sababu nyimbo zile walikuwa wameshazipiga mbele ya watu usiku baada ya usiku. Wimbo haujakomaa mpaka umeupiga mbele ya watu wasiokupenda. Kabla hamjalipa hata shilingi ya studio, pigeni nyimbo zenu ukumbini, kwenye mahafali, kwenye hafla za vijana, mahali popote ambapo mtakubaliwa, na mtazame watu wanapoanza kushika simu zao. Pale waliposhika simu, wimbo una ugonjwa. Rudini nyumbani mkaupunguze. Nimesikia wimbo wenu mmoja wenye dakika saba. Dakika tatu za mwisho mpiga gitaa anajifurahisha mwenyewe. Zikateni. Albamu ya nyimbo nane zilizoiva inatosha kabisa, hata kama mnazo 15.

Msidhani pia kwamba lazima mwende Nairobi. Kericho ilikuwa na A.P. Chandarana, duka la muziki lenye studio na lebo zake, na bendi za benga kutoka Nyanza zilipanda vilima kuja kurekodi huku, enzi santuri ndogo zilipokuwa zikiuzwa kama mkate. Mji wetu ulikuwa mji wa kurekodi kabla baba zenu hawajaoa. Leo kompyuta moja, kisanduku cha kuingizia sauti, maikrofoni mbili nzuri na chumba kilichotulia vinafanya kazi kubwa. Billie Eilish na kaka yake Finneas walitengeneza albamu yake ya kwanza, iliyotoka 2019, wakiwa chumbani katika nyumba ya wazazi wao huko Los Angeles, nyimbo za minong'ono na hofu ya usiku, na Januari 2020 ikashinda tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka.

Lakini chumba cha Los Angeles hakina paa la mabati. Huku kwetu mvua hupenda kuja alasiri, na ikishapiga bati hakuna maikrofoni itakayokusikia. Kwa hiyo sauti za kuimba zirekodiwe asubuhi, ukungu ukishainuka. Alasiri fanyeni kazi za gitaa linaloingia moja kwa moja kwenye mtambo, au kuhariri. Tundikeni mablanketi mazito ukutani, na kama kuna magunia ya pamba ya godoro, yapangeni pembeni, ndiko mwangwi mbaya unakojificha. Umeme ukipotea, na utapotea, msikae bure: fanyeni mazoezi bila vyombo vya umeme, mkiimba na kupiga makofi tu. Wimbo usiosimama bila umeme hautasimama hata ukiwa nao. Kila jioni nakilini kazi ya siku hiyo mahali pawili, na nakala moja isilale nyumba moja na kompyuta. Na mvua yenyewe, siku moja irekodini kwa makusudi, chini ya bati, dakika kumi. Mtaihitaji.

Kuhusu prodyuza, tafuteni anayesikiliza. Wengi watawaambia ongezeni biti ya kuchezeka ili redio ipige. Labda wanasema kweli kwa wimbo mmoja, lakini mtu asiyeelewa kwa nini wimbo wenu unakwenda polepole hafai kuwachanganyia sauti. Msiogope kuwa wachache. Martin Kanja na Sam Karugu, vijana wa Nairobi, walikwenda kurekodi Kampala mwaka 2019, na albamu yao iitwayo Duma ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya huko mwaka 2020. Ni muziki mkali kuliko wenu mara nyingi, redio nyingi zisingethubutu kuupiga, na ukapata wasikilizaji ng'ambo ambao hawakuwahi kukanyaga Kenya. Jirani zetu Waganda wana masikio mapana. Waandikieni.

Sasa majina, jambo linaloniuma kuliko yote katika waraka huu. Nimewatajia Chemutoi Ketienya. Wenzake walioimba naye je? Kwenye kumbukumbu za rekodi ile wameandikwa wasichana wa Kipsigis, basi. Sauti zao zimevuka bahari, majina yao hayakuvuka hata mto. Zaidi ya miaka 60 baadaye, Ketebul Music ya Nairobi na maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini, ile aliyoianzisha Tracey, walizirudisha rekodi huku kwetu, na wakawakuta wazee waliorekodiwa wakati ule wakiwa hai. Nashukuru kwa hilo. Lakini mtu asingoje miaka 60 ili asikie sauti yake mwenyewe, na asiingie kaburini akiwa "na wenzake".

Kwa hiyo kabla hamjaingia studio, kaeni mezani, mwandike kwenye karatasi: wimbo huu maneno ni ya nani, tuni ni ya nani, na kila mmoja ana asilimia ngapi, jumla ikiwa 100. Mtie sahihi wote na tarehe. Mtaona aibu, mtasema sisi ni ndugu. Ndugu ndio hasa wanaohitaji karatasi, kwa kuwa mgeni ukigombana naye unaondoka tu. Mpiga dramu ambaye hakuandika hata neno moja bado ana haki yake kama mpigaji, jina lake liwepo. Aliyekuja siku moja kupiga kinanda, liwepo. Fundi wa sauti, liwepo. Andikeni pia mahali: Litein, Kaunti ya Kericho. Mtu wa miaka 60 ijayo ajue.

Sheria ya Kenya inawalinda tangu wimbo unapoandikwa au kurekodiwa, lakini usajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, unawapa ushahidi siku ya ugomvi, basi sajilini. Kisha mjue tofauti hizi, kwa kuwa nimewaona wanamuziki wakubwa wasiozijua: MCSK inashughulikia watunzi, PRISK wapigaji na waimbaji, KAMP wenye rekodi yenyewe. Nyinyi mnaolipia studio wenyewe mko katika makundi yote matatu. Vyama hivi vimekuwa na migogoro, mwaka 2021 KECOBO ilivifutia leseni vyote, kwa hiyo kabla ya kujiunga ulizeni nani ana leseni mwaka huu. Kwa milio ya simu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanasema mwenye kazi apate asilimia 52 ya mapato. Akija wakala anayewapa chini ya hapo, mwonyesheni sheria. Na kila rekodi ipate namba yake ya utambulisho, ISRC, kabla ya kupandishwa mtandaoni, maana fedha za mtandao hutafuta namba, hazitafuti sura.

Mkataba wowote mtakaoletewa, laleni nao angalau usiku mmoja na mmwonyeshe wakili. Kama kati yenu kuna aliye chini ya miaka 18, mzazi wake aitwe. Hasa angalieni neno "milele" na neno "zote". Na prodyuza akimaliza kazi, chukueni faili zote, kila chombo na faili yake, msikubali kupewa wimbo uliokwisha kuchanganywa peke yake.

Nimebakiza jambo ninaloliandika polepole.

Mwaka 1979 bendi ya Joy Division ya upande wa Manchester ilitoa albamu yake ya kwanza, na mpenda muziki wenu yeyote anaijua. Mwimbaji wao, Ian Curtis, alikuwa na kifafa, ndoa yake ilikuwa inavunjika, na aliandika maneno mazito sana. Mei 1980, siku moja kabla ya bendi kwenda Marekani, alijiua. Alikuwa na miaka 23 na mtoto mdogo wa kike. Wenzake wamesema miaka mingi baadaye kwamba hawakuyasikiliza maneno yake kama habari zake mwenyewe. Waliyachukua kuwa ni mashairi, ni usanii. Albamu ya pili ikatoka akiwa kaburini.

Wanangu, nyinyi mnaandika maneno ya namna hiyo. Nimeyasoma. Kwa hiyo nawaamuru, na hapa sishauri: mwenzenu akileta shairi jipya, kabla hamjaulizana litapigwa kwa ufunguo gani, mwulizeni, hii ni wewe? Mwulizeni mkiwa wawili, nje, mkitembea. Na akisema ndiyo, au akinyamaza muda mrefu, wekeni gitaa chini. Msimwache usiku huo peke yake. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya kaunti, Kericho au Longisa, au pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Msiogope polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilichomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Hakuna albamu yenye thamani ya mtu mmoja wa bendi yenu. Muziki wa giza unaponya wengi kwa sababu unamwambia aliye gizani kwamba kuna mwingine karibu. Basi muwe karibu kwelikweli.

Na pombe, bangi na vile vidonge, msije mkaniambia ni sehemu ya muziki. Nimezika wapigaji hodari. Hakuna hata mmoja aliyepiga vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

Nigeukie sasa wazazi, kwa kuwa najua barua hii itasomwa jikoni pia. Mama yangu, baba yangu, ndugu zangu wa kanisani: watoto hawa hawamwabudu shetani. Fungueni Zaburi ya 88. Mnaijua? Mtu analia mchana na usiku, amezungukwa na kifo, marafiki wamemkimbia, na zaburi inaishia gizani bila faraja hata mstari mmoja. Waliokusanya Maandiko hawakuikata. Waliiacha iimbwe hekaluni. Ikiwa Neno la Mungu limemwachia mwenye huzuni nafasi ya kumaliza wimbo wake gizani, sisi ni nani tuwafungie watoto mlango? Nimekaa kwenye vikao ambako kijana alizomewa kwa sababu ya fulana nyeusi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini halali usiku.

Wanachohitaji si kikubwa. Wanahitaji chumba cha mazoezi ambamo hawatafukuzwa saa mbili usiku, soketi moja ya umeme isiyo mbovu, na mtu mzima mmoja wa kuwaamini. Kumbi za kijamii za kaunti zetu zinakaa na kufuli siku nyingi za wiki. Wawakilishi wa wadi, fungueni hizo kumbi, wapeni vijana jioni mbili kwa wiki, na wekeni mlinzi. Wenye vipaza sauti vya kanisa, waazimeni. Nao vijana wavirudishe vikiwa safi, nyaya zimekunjwa.

Siku watakapoizindua albamu yao, wazee wenzangu, twendeni. Tukae mbele, tusizibe masikio, tulipe kiingilio kama kila mtu, na tununue nakala. Mimi tiketi yangu nimeshaiagiza.